Bibi wa Miaka 122 na Bibi Zetu wa Tanga

Hotuba iliyotolewa mjini Tanga mbele ya wazee na vijana, Siku ya Wazee Duniani, 1 Oktoba. Imeandikwa karibu kama ilivyosemwa.

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Nimeombwa niseme juu ya umri mrefu, nami nimeamua kuwasimulia maisha ya bibi mmoja wa Ufaransa. Tanga haikupungukiwa na watu waliokula chumvi nyingi. Ngamiani, Makorora, Chumbageni, Pongwe, kila mtaa una bibi yake anayesemwa kuwa amepita mia. Ninakwenda mbali kwa sababu moja: umri wa huyu wa Ufaransa unajulikana mpaka siku, na wa bibi zetu haujulikani hata mwaka. Nataka tuone ilikuwaje hata ikawa hivyo, maana jambo hili limenikaa rohoni tangu nilipokuwa kazini hospitalini.

Aliitwa Jeanne Calment. Alizaliwa tarehe 21 Februari 1875 katika mji wa Arles, kusini mwa Ufaransa, akafariki katika mji huo huo tarehe 4 Agosti 1997. Miaka 122 na siku 164. Hakuna binadamu mwingine aliyethibitishwa kwa nyaraka kuwa amefika hapo. Kane Tanaka wa Japani, aliyefariki mwaka 2022, ndiye aliyemkaribia zaidi, naye aliishia miaka 119.

Tarehe tupu haziingii kichwani, kwa hiyo tuzipime kwa mambo ya huku kwetu. Mwaka aliozaliwa, pwani hii yote ilikuwa chini ya Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa miaka miwili tu nyuma, mwaka 1873. Reli ya Tanga haikuwapo, wala mkonge. Abushiri bin Salim, aliyewapiga vita Wajerumani, alipotiwa kitanzi pale Pangani, Desemba 1889, Jeanne alikuwa kigori wa miaka 14. Jeshi la Waingereza lilipoteremka upande wa Raskazone, Novemba 1914, likakimbizwa na askari wa jemadari wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck, na nyuki wa Tanga, yeye alikuwa mama wa miaka 39 mwenye binti wa miaka 16. Bendera yetu ilipopandishwa mwaka 1961 alikuwa na miaka 86 na bado anaendesha baiskeli. Mashamba ya mkonge yalipotaifishwa mwaka 1967 alikuwa na miaka 92. Alipokata roho, Rais wetu alikuwa Benjamin Mkapa. Mtu mmoja, kutoka Barghash hadi Mkapa!

Baba yake alikuwa fundi wa kuunda meli, na Arles ni mji wa mtoni, uko juu ya mto Rhône. Upande wa mama walikuwa watu wa vinu vya kusaga nafaka. Umri mrefu ulikuwemo nyumbani: baba alipita miaka 90, kaka yake François akafika 97. Mwaka 1896, akiwa na miaka 21, aliolewa na Fernand Calment, ndugu yake wa ukoo. Babu zao walikuwa mtu na ndugu yake, na bibi zao vilevile mtu na dada yake. Ndiyo maana hata jina la ukoo halikubadilika. Akina mama wa pwani mnacheka, naona mnalijua hili. Fernand alikuwa na duka kubwa la vitambaa, na familia ilikaa ghorofani juu ya duka.

Naomba mlishike hili mapema: Jeanne hakuwahi kufanya kazi ya kutafuta riziki. Alikuwa na watumishi wa kumpikia na kumfulia. Yeye alicheza tenisi, aliogelea, alipiga piano, alifuatana na mumewe kuwinda milimani, na alipanda baiskeli. Alizaa mara moja tu. Mlinganishe na bibi wa Muheza aliyezaa mara nane au tisa, akalima, akateka maji kwa mtungi kichwani, akaugua malaria kila masika, na hata hivyo akafika miaka tisini na ushee. Simdharau Mfaransa, Mungu amrehemu. Ila nikiulizwa ni nani kati ya wawili hao mwenye mwili wa ajabu zaidi, jibu langu siwezi kulificha.

Katika ujana wake alimwona mchoraji Vincent van Gogh, ambaye alikaa Arles mwaka 1888 na 1889. Uzeeni alisimulia kwamba mchoraji huyo aliingia dukani kununua vifaa vyake, na alivyomkumbuka alikuwa mtu mwenye sura mbaya, mkali, ananuka pombe. Dunia ilimjua Jeanne kwa habari hiyo. Mwaka 1988, waandishi wa habari walipokwenda Arles kuadhimisha miaka 100 ya kufika kwa mchoraji yule, walimkuta mtu aliyemwona kwa macho yake. Kama si mchoraji, labda bibi huyu angezikwa kimya kimya kama maajuza wengine.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo wapenzi wa rekodi huipita haraka. Umri mrefu ni kuzika, tena kuzika waliokutangulia kuzaliwa na uliowazaa mwenyewe. Binti yake wa pekee, Yvonne, alifariki mwaka 1934 kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na miaka 36, akaacha mtoto mdogo wa kiume, Frédéric. Bibi akamlea mjukuu. Mumewe alifariki mwaka 1942. Mjukuu alisoma, akawa daktari. Ndipo likaja pigo baada ya pigo: mwaka 1962 akamzika kaka yake François, Januari 1963 akamzika mkwewe, baba wa Frédéric, na mwaka huo huo wa 1963 Frédéric akafa kwa ajali ya barabarani. Alikuwa na miaka 36, sawa na umri aliofia mama yake. Jeanne alibaki na miaka 88, bila mume, bila mtoto, bila mjukuu, bila ndugu wa tumbo moja. Na mbele yake kulikuwa na miaka 34 mingine.

Nimekaa na wazee wengi waliofiwa namna hiyo. Mmoja aliniambia maneno ambayo sitayasahau: "Mwanangu, sasa hapana tena mtu wa kuniita kwa jina langu." Wote waliomjua kama msichana walikuwa makaburini. Watoto wa mtaani walimwita Bibi, hospitali walimwita Bibi, msikitini Bibi. Vijana, mkimtembelea bibi yenu, muulizeni nyumbani kwao alipokuwa mdogo waliitana vipi, mara moja moja mumwite hivyo kwa heshima yake. Mtaona uso utakavyofunguka.

Jeanne aliendelea kukaa peke yake ghorofani. Mwaka 1965, akiwa na miaka 90, aliingia mkataba na mwanasheria mmoja, André-François Raffray, aliyekuwa na miaka 47. Huko Ufaransa kuna desturi ya kuuza nyumba hivi: mnunuzi humlipa mzee kiasi fulani kila mwezi mpaka mzee afe, mzee huendelea kukaa ndani ya nyumba, na siku akifa nyumba huwa ya mnunuzi. Walikubaliana faranga 2,500 kwa mwezi. Hebu pigeni hesabu aliyopiga mwanasheria: bibi ana tisini, atakaa mingapi? (Hapa ukumbi uliguna, na shehe mmoja wa mstari wa mbele akatikisa kichwa.) Najua, shehe wangu, hayo kwetu ni mauziano ya gharari, biashara ya kitu kisichojulikana mwisho wake. Na yaliyotokea yanathibitisha. Mwanasheria alilipa miaka 30, akafariki Desemba 1995 akiwa na miaka 77, hajalala katika nyumba ile hata usiku mmoja kama mwenye nyumba. Alikwisha kulipa zaidi ya mara mbili ya thamani yake. Mjane wake akaendelea kulipa, maana mkataba ni mkataba.

Alipokaribia miaka 110, mwaka 1985, alihamia nyumba ya kutunzia wazee. Kilichomhamisha ni moto mdogo uliozuka kwake siku ya baridi kali, alipokuwa akihangaika kuyeyusha maji yaliyoganda. Waliomtunza huko wameeleza siku yake ilivyokwenda. Aliamka mapema, akasali kwa kirefu dirishani, akimshukuru Mungu kwa kumjaalia uhai na siku mpya. Kisha akafanya mazoezi akiwa amekaa kitini: mikono kwanza, kukunja na kukunjua, halafu miguu. Alijiosha mwenyewe kwa kitambaa na sabuni, akajipaka mafuta ya zeituni usoni. Chakula cha pale kilimchosha, alisema vyote vina ladha moja. Akawa anajikatia mwenyewe matunda, ndizi na machungwa, akachanganya bakulini. Macho yalikuwa yamefifia karibu kabisa, masikio yamekuwa mazito, lakini akili ilikuwa nzima.

Januari 1990, akikaribia miaka 115, alianguka akavunjika mfupa wa paja. Akafanyiwa upasuaji, akapona, ila tangu hapo alitembea kwa kiti cha magurudumu. Nimefanya kazi ya uuguzi mpaka nikastaafu, na niwaambieni, jambo hili moja linanishangaza kuliko sigara na chokoleti zake zote. Bibi wa miaka 75 akivunjika paja, hatari ni kubwa: hulala chali, kifua hujaa, vidonda vya mgongo huanza, chakula humshinda, na wengi hawafiki mwaka. Kinachowaangusha ni vitu tunavyovikanyaga kila siku. Kandambili zilizolika soli. Sakafu ya choo yenye maji ya sabuni. Mkeka uliokunjika pembe. Kizingiti cha mlango wa uani, ambacho bibi amekivuka miaka hamsini, ila leo giza limeingia na umeme umekatika. Ukienda nyumbani jioni hii, ingia choo anachotumia bibi yako, usimame pale anaposimama, uangalie atashika nini akiteleza. Kama hakuna cha kushika, mwite fundi kesho apigilie ubao au bomba ukutani.

Nimetaja sigara, nisipoeleza mtaniuliza. Ndiyo, alivuta, sigara chache kwa siku, akaacha akiwa na miaka 117. Alikunywa divai. Alipenda chokoleti mno, karibu kilo nzima kwa wiki. Magazeti yaliyapenda sana mambo haya, na kijana mmoja hapa Tanga aliwahi kunitolea hoja hiyo akiwa na sigara mdomoni. Nikamuuliza: waliovuta pamoja na huyo bibi tangu ujana wao wako wapi? Wamekufa wote, kwa mamilioni, na wengi wamekufa kwa sigara hizo hizo. Mmoja akipita katikati ya risasi bila kuguswa, hatusemi risasi ni dawa. Alirithi mwili imara, hakuonja njaa wala kazi ya sulubu, alitembea na kupanda baiskeli hadi uzee mkubwa. Hilo la baiskeli ndilo ningependa mlichukue, maana mji wetu ni tambarare, na wanawake wa Tanga wanapanda baiskeli bila mtu kuwashangaa. Msiache kwa sababu mmepata wajukuu. Mengine yaliyobaki ni majaaliwa.

Sasa tuje kwenye lile lililonileta hapa. Tunajuaje kwamba alikuwa na miaka 122?

Hawakuchukua neno lake. Wachunguzi wawili, Jean-Marie Robine na Michel Allard, walikaa naye wakamhoji, kisha wakaenda kwenye makabati ya mji. Wakakuta kuzaliwa kwake kumeandikwa. Wakakuta ubatizo wake, ndoa yake, kuzaliwa kwa binti yake, vifo vya watu wake. Wakamkuta katika sensa moja baada ya nyingine, tangu akiwa mtoto mchanga. Akitaja jina la mwalimu wake, wanakwenda kulitafuta. Akitaja jina la mtumishi aliyewapikia zamani, wanalikuta kwenye daftari la sensa la nyumba ile. Hapo ndipo ninaposimama mimi. Msichana wa kazi, maskini wa Mungu, aliyepika jikoni kwa watu, naye aliandikwa. Karani alipanda ngazi, akauliza, nani analala humu? Akaandika jina la bwana, la bibi, la mtoto na la mpishi. Miaka themanini baadaye jina la mpishi likasimama kuwa shahidi wa umri wa bibi yake.

Mwaka 2018 walitokea watafiti wa Urusi wakasema kwamba aliyekufa mwaka 1934 alikuwa mama, na binti akachukua jina la mama yake ili wakwepe kodi ya urithi. Dunia ikazungumza. Wenzao wa Ufaransa na Uswisi wakajibu mwaka uliofuata kwa nyaraka, na wataalamu walio wengi wamebaki na umri ule ule. Mimi si mtaalamu wa nyaraka, lakini nimekulia mtaani. Fikirini Chumbageni azikwe mtu, umati umekuja mazikoni, halafu kesho yake mama yake awe ndiye marehemu na marehemu awe ndiye mama, na dukani aendelee kuuza vitambaa kwa majirani wale wale, na mtoto wa miaka saba amwite mama yake bibi maisha yake yote. Nani angenyamaza? Hata hivyo naushukuru ubishi ule. Umeonyesha kwamba dai la umri linaweza kujibiwa kwa ushahidi, mradi ushahidi uwepo.

Wa kwetu ushahidi wao uko wapi? Bi Kidude, binti Baraka, mwimbaji wetu wa taarabu, alipofariki Unguja tarehe 17 Aprili 2013, magazeti yalikadiria kuwa amevuka miaka 100. Mwenyewe alikuwa akisema alizaliwa zama za rupia. Ni ushahidi mzuri, lakini rupia ya Unguja iliendelea kutumika mpaka mwisho wa mwaka 1935, na huku bara rupia ya Mjerumani ilikwisha mwanzoni mwa miaka ya 1920. Bibi wa Tanga akikwambia "zama za rupia" na bibi wa Unguja akikwambia hivyo hivyo, hawasemi wakati mmoja. Na wako wanaohesabu kwa Ramadhani. Mwaka wa mwezi una siku 354, kwa hiyo aliyefunga au kushuhudia Ramadhani mia ana miaka 97 tu ya kalenda ya ukutani. Hasemi uongo. Sisi ndio hatumuulizi vizuri.

Na isisemwe kwamba Tanga hapakuwa na watu wa kuandika. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya Pangani. Miche 62! Tunaijua idadi yake hadi leo. Mtoto aliyezaliwa Kikogwe mwaka ule, jina lake liko wapi? Baadaye wakaja watu wa kukata mkonge kutoka mbali, manamba, na kila mmoja alikuwa na kadi yake ya kipande, siku thelathini za kazi, kila siku ikitiwa alama. Karatasi ilikuwepo, wino ulikuwepo, karani alikuwepo. Waliandika kazi ya mtu. Siku aliyozaliwa, na mkewe, na mtoto aliyemzalia kambini, hayo hayakuwa na safu. Likitajwa jambo hili, uchungu wangu haujapungua.

Walioandikwa ni wachache. Walio karibu na misheni, kama Magila kule Muheza, walipata kitabu cha ubatizo. Baadhi ya nyumba zenye chuo cha Kurani, baba alichukua kalamu akaandika kwa hati ya Kiarabu ndani ya jalada la msahafu: amezaliwa fulani binti fulani, usiku wa Ijumaa, Mfungo Sita, mwaka kadhaa wa Hijria. Kama nyumbani kwenu kuna msahafu wa namna hiyo umefungwa kwenye kitambaa juu ya kabati, ushusheni kwa adabu, muuangalie, muupige picha kabla mchwa hawajaufikia.

Hospitalini nimeziona kadi nyingi ambazo sehemu ya umri imeandikwa "mtu mzima", basi. Bibi kaletwa na mjukuu, kakalishwa kwenye benchi, kanga kaivuta mpaka machoni. "Bibi, una miaka mingapi?" "Andika themanini, mwanangu." Mwaka wa pili anarudi. "Andika themanini." Si mambo ya kuchekwa. Figo za mtu wa miaka 90 hazifanyi kazi kama za mtu wa miaka 60, na kipimo cha dawa hufuata hilo. Halafu kuna haki. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na zaidi, na asiye na uwezo anatibiwa bure. Zanzibar tangu Aprili 2016 wanatoa pensheni jamii kwa kila mwenye miaka 70. Kila mlango wa namna hii, cha kwanza kuulizwa ni umri. Bibi asiye na karatasi husimama nje ya haki yake akiwa na mvi kichwa kizima.

Na karatasi ifungwe pia mtu akifa. Japani, nchi ya madaftari, mwaka 2010 waligundua watu zaidi ya 230,000 waliohesabiwa kuwa hai na zaidi ya miaka 100, lakini hawajulikani walipo. Wengi walikuwa wamekufa zamani na hakuna aliyekwenda kusema. Huku kwetu tunazika mchana, tunasoma hitima, tunasahau cheti cha kifo. Mwaka wa tatu mjane anahangaika na mirathi.

Kwa watoto wa leo mambo yamekuwa mepesi. RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, walianzisha mwaka 2013, wakianzia Mbeya, utaratibu wa kusajili walio chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, na cheti hutolewa bila malipo. Mama mwenye mtoto mgongoni ambaye hajaandikwa, nisikie umekwenda.

Kwa wazee lazima tukae kitako. Usianze na "una miaka mingapi," utapewa themanini. Anza na mtoto wa kwanza. Mwulize siku ya Uhuru alikuwa ameolewa au bado yuko kwa wazazi wake. Kama alikuwa ameolewa, alikuwa akimnyonyesha nani? Huyo aliyenyonyeshwa yuko wapi, ana cheti cha shule? Mashamba yalipotaifishwa, mumewe alikuwa akifanya kazi wapi? Vita vya Kagera, nani wa nyumbani alikwenda? Mwulize alivunja ungo kaskazi au kusi, na walioingia unyago pamoja naye ni akina nani. Mmoja wao anaweza kuwa na kitabu cha ubatizo. Andika na majibu yanayopingana, usimsahihishe. Andika majina matatu: lake, la baba yake, la babu yake. La mama yake pia, tafadhali, maana hilo ndilo hupotea mwanzo. Rekodi sauti kwa simu, lakini uandike vilevile, simu huibiwa. Mwisho ukadirie mwaka, na pembeni uandike umeupataje.

Pale mlangoni kuna meza mbili. Ya kulia wako vijana wenye madaftari, wamekwisha kufundishwa maswali, nao wamekaa tayari kuwasikiliza wazee mliokuja leo. Hakuna malipo na hakuna haraka, chai na mihogo vinakuja. Ya kushoto ni kwa wenye wazee wasioweza kutoka nyumbani: acheni jina la mtaa, namba ya nyumba na saa ambayo mzee huwa macho. Tutapita mtaa kwa mtaa kuanzia Jumamosi, tukianza na Mwanzange.